Kona ya Shangazi: Tumewatimua mara tatu na bado wanarudi

Mwezi uliopita tuliomba maswali kuhusu serikali za mitaa na dawa za kulevya, tukajua yatakuja matano sita hivi, kumbe watu walikuwa wanasubiri tu pa kusemea. Yamekuja mengi mpaka nimeshindwa kuyasoma yote kwa siku moja. Haya ndo niliyochagua. Kwa msionijua, nimekaa ofisi ya kata miaka 19 kama afisa maendeleo ya jamii hapa hapa Dar, kwahiyo mengine nawajibu kwa niliyoyaona na mengine kwa niliyoyakosea mwenyewe.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa, nimeingia uchaguzi wa Novemba 2024, niko Temeke. Nyuma ya shule ya msingi kuna pagale limegeuka maskani ya mateja, hawa vijana wa unga. Tumewatimua mara tatu na vijana wa ulinzi shirikishi, mara ya mwisho tukachoma na maturubai yao, wiki haijaisha wamerudi na sura mpya juu. Wananchi wanasema tumekula hela za mapusha, yaani wauza unga. Sheria inaturuhusu mpaka wapi, na tufanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana mjumbe hana mshahara wa maana ila lawama analipwa kila siku.

Nianze na hiyo ya kuchoma, kwasababu na mimi nimewahi kuchoma. Ilikuwa operesheni kama yenu, alfajiri, tuko kama ishirini na marungu na tochi, tukafagia kila kitu, maboksi, mablanketi, vijiko vyeusi kwa moto, tukawasha. Vijana tisa wakapelekwa kituoni kwa uzururaji. Mmoja mwembamba kama ufito akawa anachokoachokoa majivu kwa kijiti, nikamwambia unatafuta nini wewe, akaniambia "mama mmenichomea kadi yangu". Kadi gani? Kadi ya kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa inayomtoa mtu kwenye heroini. Yule mtoto alikuwa na mwezi wa nne anakunywa dawa, pale pagaleni alikuwa analala tu kwasababu kwao walishamfukuza. Akakaa mahabusu siku kadhaa, dozi ikakatika, alivyotoka akaingia kwa pusha moja kwa moja. Tuliandika kwenye ripoti kwamba operesheni imefanikiwa, tisa wamekamatwa, na yeye ni mmoja wa hao tisa.

Sasa kwanini wanarudi. Mtu wa unga, heroini ikianza kuisha mwilini, ndani ya masaa 6 mpaka 12 arosto inaanza kumpanda, miayo, kamasi, machozi, tumbo linafunguka, mifupa inauma kama ana malaria tatu kwa mpigo. Kwahiyo kete moja, kile kipakiti kidogo cha unga, kwa siku haimtoshi, atatafuta ya pili, ya tatu, na kila kete ina hela yake, ndo maana anakaa pale ambapo pusha hayuko mbali na mtu wa kununua alichookota au alichoiba hayuko mbali. Nyie mmefukuza watu mkaacha vile vitu viwili vinavyowaita. Hata mngewatimua mara kumi.

Upande wa sheria, mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo, hiyo ni kazi ya halmashauri, kwahiyo zile "faini za mtaa" za elfu kumi elfu ishirini ambazo baadhi ya wenyeviti wanawatoza mateja na wazazi wao hazina miguu, acheni. Mwananchi yeyote anaweza kumkamata anayetenda kosa mbele yake ila anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa, hakuna kumfunga kamba kwenye mwembe wa ofisi, hakuna kumnyoa kwa chupa. Mkaguzi wa polisi wa kata yenu mnamjua? Kama hamumjui kwa jina anzeni hapo.

Mnachoweza ni kingi kuliko mnavyodhani. Pagale lina mwenyewe, na mtaa mdogo namna hiyo hakuna asiyejua ni la nani, kama yuko Mwanza au yuko Oman ana ndugu, aandikiwe barua azibe milango na madirisha au aweke mtu aishi pale. Mjadili kwenye mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari upande kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata, pale suala linaandikwa na linafika halmashauri. Jambo ambalo halina muhtasari kwa serikali halijatokea.

Halafu nendeni kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri maana watu wengi wanaparuka. Kaeni siku moja karibu na mzani wake saa kumi na moja alfajiri muone kinachopimwa pale, mfuniko wa chemba, koki ya bomba imekatwa na msumeno, nondo za mtu anayejenga, mimi nimewahi kuona sufuria bado ina ukoko wa ugali, imetoka jikoni kwa mtu usiku uleule. Huyo mfanyabiashara leseni yake anapewa na halmashauri, na mwenye leseni unaweza kumbana: afungue mchana tu, aandike daftari la nani kamuuzia nini, asipokee koki wala mfuniko wa chemba. Kwenye kata yangu tulipombana mmoja tu, wizi wa masufuria ulipungua kuliko operesheni zote mbili tulizofanya mwaka ule, na hatukumpiga mtu hata kofi. Mkimaliza hapo pitieni na maduka ya dawa, maana kuna wauzaji wanatoa Valiamu, vile vidonge vya usingizi, bila cheti cha daktari, mateja wanazitafuta sana kutulizia arosto.

Mwisho tafuteni watu wa asasi zinazofanya kazi na waraibu, Temeke wapo wa siku nyingi, muwaalike waende pagaleni na nyie, bila marungu. Mimi nikitaka kujua mtaa unafanya kazi siku hizi siulizi wamekamata wangapi, nauliza wangapi wamesindikizwa mpaka kliniki na wangapi bado wanakwenda baada ya miezi sita. Ukiniambia watatu nitakupongeza.

SWALI: Shangazi mimi ni mama wa watoto watatu, Tandale. Wa kwanza anavuta unga mwaka wa tano huu, sasa kasema mwenyewe amechoka. Nimeambiwa nikachukue barua serikali ya mtaa ndo apokelewe kwenye methadoni. Nimefika ofisini nikaambiwa barua elfu kumi, na waliokuwa kwenye benchi wote wakasikia shida yangu. Nimerudi nyumbani kulia. Lazima hiyo barua?

JIBU: Mama pole sana. Huyo aliyekuuzia barua anajijua, na mwenyekiti wake angetakiwa kuona aibu. Barua ya utambulisho wa mkazi siyo bidhaa. Na hata ukienda kuichukua, huna sababu ya kueleza mbele ya benchi mgonjwa anaumwa nini, sema "barua ya utambulisho kwa ajili ya matibabu", basi, ukimwi na kisukari na unga vyote ni matibabu.

Ila nikutoe wasiwasi, barua isikuzuie kumpeleka. Kawaida vijana wengi wanaingia kupitia wahamasishaji wa asasi, wengine walikuwa mateja wenyewe, wanamjua mwanao kuliko unavyodhani. Wanampeleka kliniki, anapimwa mkojo kuthibitisha kweli anatumia heroini, anaongea na daktari na mtu wa ustawi wa jamii, na wanapenda sana awe na ndugu wa kumsimamia. Hapo ndo wewe unaingia. Kwa Tandale kliniki ya karibu yako ni Mwananyamala, ilianza 2012, mwaka mmoja baada ya ile ya Muhimbili ambayo ndo ya kwanza nchini, na Temeke wakafuata 2014.

Dawa ni bure. Nisikudanganye lakini, nauli siyo bure, na atakwenda kila siku. Anapanga foleni, anafika dirishani, anatajiwa namba yake, anapewa kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele ya mfamasia halafu anaambiwa aongee, "asante", "habari ya kazi", chochote, wahakikishe amemeza hajabana mdomoni akatoka kwenda kuuza. Wengine wanaona ni udhalilishaji lakini uko utaratibu na una sababu. Ile dawa inamshika masaa 24 na zaidi, arosto haimpandi, kwahiyo anapata siku nzima ya kuwa mtu. Akikosa siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa anaanza kupandishwa upya taratibu, kwa usalama wake. Kwahiyo hela ya nauli ya wiki nzima mtunzie wewe, usimpe yote Jumatatu.

Na usitegemee miezi mitatu. Wengine ni miaka. Majirani watasema amehamia ulevi wa serikali, waache waseme, jirani hajawahi kukulipia sufuria iliyoibiwa.

SWALI: Hivi methadoni inatibu na bangi? Mdogo wangu ni bangi na konyagi tu.

JIBU: Hapana. Methadoni ni ya watu wa heroini na jamii yake, kumpa mtu ambaye hana huo uraibu ni hatari, inaweza kumuua. Wa bangi na pombe anahitaji ushauri nasaha, na kama anaongea peke yake au anaona watu wasiokuwepo mpeleke hospitali kwenye kitengo cha afya ya akili, usimpeleke kwa mganga kwanza. Na chunguza vizuri hiyo "bangi tu", kuna kokteli, bangi inachanganywa na unga kwenye msokoto mmoja, wapo wanaovuta mwaka mzima wakijua ni bangi.

SWALI: Mimi nina nyumba ya vyumba sita uswahilini. Mpangaji wangu mmoja nadhani anauza. Bodaboda zinakuja usiku dakika mbili zinaondoka, mlangoni naokota vikaratasi vya nailoni vimekunjwa. Kodi analipa miezi sita mbele hanisumbui. Nikisema kwa mwenyekiti nahisi siri itamfikia, nikikaa kimya vipi?

JIBU: Ukikaa kimya unajiweka pabaya baba yangu, kwasababu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haimwangalii muuzaji peke yake, mwenye nyumba anayeruhusu eneo lake litumike kwa hiyo kazi akijua naye ana kosa lake. Na wewe umeshajua, vikaratasi unaviokota.

Kuhusu siri kwenda kwa mwenyekiti, sitakwambia una wasiwasi wa bure, nimeona mambo. Wenyeviti wengi ni waungwana ila mtaa ni mtaa, mjumbe ni shemeji wa pusha, pusha ndo alichangia jezi za timu. Ndo maana kuna namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kupiga ni bure, huna haja ya kupita ofisi ya mtaa. Eleza unachokiona, siku, saa, namna bodaboda zinavyokuja. Usimfuate chumbani, usimwekee mtego, usipige picha na simu yako halafu ukairusha kwenye grupu la wapangaji. Kodi ikiisha una haki ya kutoendelea naye kwa notisi kama mpangaji mwingine yeyote, sababu siyo lazima uitaje.

Hapohapo niseme kitu kuhusu zile kura za siri ambazo mitaa mingine inapiga kuwataja wahalifu. Nimehesabu mimi hizo kura kwa mkono wangu. Jina lililoongoza lilikuwa la kijana mmoja fundi redio ambaye alikuwa na kesi ya kiwanja na ukoo mkubwa pale mtaani. Pusha tuliyemjua wote alipata kura mbili.

SWALI: Nyie mnawabembeleza hawa watu. 2017 mkuu wa mkoa alitaja majina hadharani watu wakanyooka. Turudi kule, tutaje majina kwenye mikutano ya mtaa, teja na pusha wote wakamatwe. Mbona rahisi?

JIBU: Kaka nakuelewa hasira, na mimi feni yangu ilishaondoka kupitia dirishani. Ni kweli Februari 2017 Paul Makonda akiwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alisoma majina mbele ya waandishi, wasanii, wafanyabiashara, wanasiasa, watu wakaripoti kituo cha polisi cha Central, na mwezi huohuo Rais Magufuli akamteua Rogers Siang'a kuwa Kamishna Jenerali wa Mamlaka. Mjini palitikisika, nisibishe. Wapo waliokimbia na wapo waliofunga biashara. Lakini kutajwa siyo ushahidi, na jina likishasomwa kwenye spika halirudi, hata mahakama ikimwachia mtu mtaani ni yuleyule muuza unga. Mkuu wa mkoa ana walinzi na wanasheria, wewe mjumbe ukimtaja mtu mkutanoni ukakosea una nini?

Na tuelewane mzigo unatoka wapi. Heroini inayofika kwetu kwa miaka mingi imekuwa ikitokea Afghanistan, inashuka pwani ya Iran na Pakistan, inapanda majahazi inakuja na Bahari ya Hindi mpaka kwetu. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza imekamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini, Dar na Iringa. Kilo elfu tatu! Kete haijai hata ncha ya kijiko cha chai, piga hesabu mwenyewe. Mwenyekiti wako ana tochi, hana boti. Hiyo ni kazi ya Mamlaka na polisi na wanamaji, na wanapoifanya tuwapigie makofi. Kazi ya mtaa ni hawa ambao mzigo umeshawafikia, wanalala pagaleni, tunawajua mama zao.

Halafu jela. Pusha mpeleke, sina ugomvi. Teja ukimfunga miezi mitatu bila dawa, mwili wake unasahau kiwango alichokuwa anakizoea, siku anatoka anapiga kipimo kilekile cha zamani, anakutwa asubuhi amekauka. Waliotoka kituoni wakafa wiki hiyohiyo nimezika zaidi ya mmoja. Wa sober house, zile nyumba za kukaa mtu aache dawa, nao ni hivyohivyo, familia ziambiwe.

SWALI: Nina mwaka wa tatu kwenye methadoni, sijagusa unga. Tuko watano tumeungana tunataka mkopo wa halmashauri tufungue kazi ya kuosha magari. Ofisi ya mtaa wamekataa kututambua, mmoja akasema "mateja mtakula hela ya serikali".

JIBU: Hongereni, na kwa mkopo wa vijana watano inatosha. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo kisheria, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Hakuna mahali panaposema aliyewahi kutumia dawa hapewi. Msigombane na huyo wa mtaa, pandeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye ndo anashughulika na usajili wa vikundi, nendeni na katiba ya kikundi, majina, akaunti ya benki, na eneo la kuoshea magari mkiwa mmeshakubaliana na mwenyewe. Mtu wa ustawi wa jamii wa kliniki yenu mwombeni awasemee, wanakubali. Ushauri wangu mmoja tu, ombeni mashine na tangi zaidi kuliko hela mkononi, na mweka hazina asiwe aliyeanza dawa mwaka huu. Msikasirike, nawapenda ndo maana.

SWALI: Assalamu alaykum Shangazi, mie nipo Unguja. Kwetu hakuna mwenyekiti wa mtaa, yupo sheha. Mwanangu ametoka sober house mara mbili na mara mbili kaangukia palepale. Sheha ananambia nimpeleke tena. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam bibi. Sheha anakwambia anachokijua, Zanzibar nyumba za nafuu zimekuwepo kabla ya methadoni na zimewatoa wengi, lakini siyo kila mtu anatoka kwa mlango huo. Mara mbili inatosha kukuonesha kitu. Hospitali ya Kidongo Chekundu hapo Unguja methadoni ipo tangu 2015, mpeleke wakamtazame. Na kama utaamua kumrudisha sober house kwanza uliza imesajiliwa wapi, nani anakuja kuikagua, ingia mpaka wanapolala. Ukiona minyororo au ukaambiwa mzazi haruhusiwi kumwona mwanawe miezi mizima, geuka na mwanao.

SWALI: Fupi tu Shangazi, kliniki ya methadoni sikukuu ya Idd wanafungua? Mume wangu ana wiki ya pili na mimi naogopa siku hiyo.

JIBU: Wanafungua, Idd, Krismasi, Jumapili, siku zote, arosto haina kalenda. Ila siku za sikukuu wanaweza kufunga mapema, ulizeni dirishani siku mbili kabla. Nenda naye, mvae vizuri wote wawili, mkitoka hapo ndo muende kwa wakwe kula pilau.